Mjini au Kijijini, Kijiko au Mpira: Maamuzi ya Nyumba Yenye Mgonjwa wa PSP

Baba alikuwa akianguka chali. Ningeambiwa niueleze ugonjwa wake kwa sentensi moja, ningeleta hiyo. Mzee akijikwaa huenda mbele, hutanguliza mikono, huchubuka magoti. Baba alikwenda nyuma kama mti uliokatwa, kisogo kwanza, mikono imetulia ubavuni, na hakuna aliyemsukuma. Mara ya kwanza alikuwa uani kwake Lushoto, ameinua uso kutazama maparachichi. Alikuwa na miaka 64.

Kwa karibu miaka miwili alitibiwa kama mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Vidonge mara tatu kwa siku, hali ile ile. Hata mkono haukuwahi kumtetemeka. Ndipo tukampata daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu Dar es Salaam, akamwambia, "Mzee wangu, nipigie makofi matatu, matatu tu." Baba akapiga matatu, akapiga la nne, la tano, akaendelea kama mtu aliye harusini. Mimi na kaka tukacheka. Daktari hakucheka. Alimshika kichwa kisiiname, akamwomba atazame viatu vyake kwa macho tu. Macho yakabaki mbele.

Jina la ugonjwa ni refu na la kigeni, progressive supranuclear palsy, kwa hiyo hata madaktari huutaja kwa herufi tatu: PSP. Waliouelezea mwaka 1964 ni madaktari watatu wa Toronto, Kanada: Steele, Richardson na Olszewski. Protini iitwayo tau hujikusanya ndani ya seli za ubongo, hasa kwenye shina la ubongo na sehemu zinazoratibu mwendo, na seli hizo hufa kidogo kidogo. Hukadiriwa kuwapata watu 5 hadi 7 katika kila 100,000, wengi wao wakiwa wamefika miaka ya 60. Hauambukizi, na ni nadra sana kurithiwa. Dawa ya kuusimamisha haipo. Wastani wa maisha tangu dalili ya kwanza ni miaka 6 hadi 9. Wako wanaopungukiwa na wako wanaopita hapo.

Miaka hiyo yote mnaishi nayo nyumbani. Hospitali mtakwenda mara chache. Anayeamua mzee alale wapi, aogeshwe na nani na ale nini ni ninyi. Hapa nimeweka maamuzi yetu mawili mawili, faida kwa hasara, na nimesema wazi upande ninaoegemea. Baadhi tulikosea kwanza.

Mjini au kijijini

Swali hili ndilo lililoleta ugomvi mkubwa kuliko yote. Shangazi alisema mgonjwa hulelewa kwao. Kaka alisema huwezi kumpeleka mtu wa ugonjwa wa ubongo mahali ambapo daktari wa ubongo hayupo. Wote walikuwa na hoja, na wote walikuwa wakimzungumzia Baba kama alivyokuwa siku ile, anatembea, anakula, anaongea kwa taabu kidogo.

Kawaida yetu inajulikana: mgonjwa akiwa bado anatembea abaki kijijini, akizidiwa aletwe mjini. Mimi nasema kwa PSP igeuzwe. Wakati anatembea, awe mahali penye sakafu bapa. Akishakaa kwenye kiti, arudi penye watu.

Kwanza sababu ya sakafu. Lushoto ni milima, na nyumba yetu iko kwenye mteremko kama nyumba nyingi za kule. Kutoka mlangoni hadi barabarani kuna vipandio vya udongo, na choo kiko nje, upande wa chini, hatua kama 30. Masika udongo ule mwekundu unageuka sabuni. Sasa mchukue mtu asiyeweza kuteremsha macho. Haoni kipandio, haoni jiwe, haoni kuku aliyelala njiani. Ongeza jambo la pili ambalo ndugu wengi hawaliamini mpaka walione: ugonjwa huu hula breki za akili. Mtu anajua miguu yake ni mibovu, umemwambia asubiri, amekubali kwa kichwa, na sekunde mbili baadaye amefyatuka kitini kama chemchemi. Mama alikuwa akimwita mbishi. Hakuwa mbishi, kile kinachomwambia mtu "ngoja kwanza" ndicho kilichokuwa kimeharibika.

Kwangu Tabata, Dar es Salaam, nilikuwa na vyumba viwili na sebule, sakafu moja tambarare, choo ndani. Nilitoa mazulia yote. Fundi akafunga vyuma viwili vya kushikilia ukutani, kimoja chooni na kimoja kando ya kitanda, nami nikatandika mpira usioteleza bafuni. Kijijini alikuwa anaanguka karibu kila wiki. Kwangu, katika miezi 14, alianguka mara nne, na mbili kati ya hizo ni kwa sababu yangu mwenyewe: niliacha viatu mlangoni.

Mjini kuna daktari pia, na mtaalamu wa viungo anayeweza kuja nyumbani. Hilo ni la kweli, ingawa baada ya ugonjwa kujulikana tulimwona daktari mara tatu tu kwa mwaka. Alimwacha Baba na dozi ndogo ya dawa za Parkinson kwa kipindi, kwa kuwa wako wagonjwa wachache wanaopata nafuu kidogo, kisha akampunguzia taratibu. (Msizikate wenyewe kwa mkupuo. Jirani mmoja alitushauri hivyo kwa nia njema kabisa.)

Kilichotushinda mjini ni mchana. Tulikuwa tunatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku. Kutwa Baba alikuwa na dada wa kazi na televisheni. PSP huzima hamu: mtu anaweza kukaa saa nne bila kuomba maji, na si kwamba hana kiu. Mtu wa namna hiyo akikosa wa kumchokoza anazama. Baba aliyekuwa anasimulia habari za mnada wa kahawa wa zamani alibaki na maneno matano kwa siku.

Alipoacha kutembea kabisa ndipo shangazi alipokuwa na haki. Mteremko haumdhuru mtu aliye kitini. Anachohitaji ni mikono mingi ya kumgeuza, kumwinua, kumlisha polepole, na sauti za watu. Lushoto kuna vyote hivyo bila malipo. Baada ya swala ya alasiri wazee wenzake hukaa naye barazani wakiongea wao kwa wao, naye yumo. Wajukuu wanampitia wakitoka shule.

Na daktari wa ubongo? Hapo kaka alikuwa amekosea, na ilinichukua muda kuliona. Katika hatua hiyo kinachowaua wagonjwa wengi wa PSP ni nimonia, kwa sababu chakula na mate huingia njia ya hewa. Nimonia inatibiwa kwa antibayotiki, oksijeni na mtu aliyeitambua mapema, na hivyo vinapatikana hospitali ya wilaya. Swali la kuuliza kijiji chenu ni hili tu: saa 9 usiku, gari la kufika huko lipo?

Nina masharti matatu kabla hujamrudisha. Choo cha kukalia kijengwe ndani au kiguse chumba chake, na kijengwe kabla hajafika, maana "tutajenga akishakuja" haijengwi. Njia ya kuingilia isawazishwe ili kiti kipite. La tatu ndilo zito: awepo mtu mzima wa pili anayelala nyumba hiyo. Mchana kijijini una watu 20, usiku una Mama peke yake mwenye miaka 68 na mgongo wake. Kama hamna mtu wa usiku, mwacheni mjini, hata kwenye upweke.

Safari yenyewe msiidharau. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kona tupu, na shingo ya Baba ilikuwa imekakamaa ikivuta nyuma. Basi lisingefaa. Tulikodi gari dogo, mimi nimekaa naye nyuma, mto shingoni, mkono wangu kwenye kidevu chake kila kona. Tulisimama Segera na Korogwe kumpa uji. Kama mnajua mtarudi kijijini, rudini kabla shingo haijafikia huko.

Fremu ya kutembelea au kiti mwendo

Kwa ufupi. Fremu nyepesi ya aluminiamu inamfaa aliyevunjika mguu. Mgonjwa wa PSP anaibeba na kuanguka nayo chali. Inayosaidia ni ile yenye magurudumu na uzito mbele. Yetu tulifunga mfuko wa mchanga kwenye kikapu cha mbele, na mtu akatembea nyuma yake, si mbele akimvuta mikono kama mtoto. Ukimvuta mbele, huna mkono wa kudaka kisogo.

Kiti mwendo familia nyingi huchelewa kukinunua, kwa kuona ni kama kumkatia mzee tamaa. Sisi tulichelewa miezi sita, na katika hiyo sita alipasuka kichwa akashonwa nyuzi saba. Kinunueni wakati bado anatembea, kiwe cha safari za mbali na cha jioni miguu inapochoka. Angalieni mgongo wa kiti: vile vya kawaida vya wodini huishia mabegani, shingo inaning'inia. Afadhali kilichotumika chenye mgongo mrefu na pa kulazia kichwa kuliko kipya kifupi. Na kiwe na mkanda, kwa yale mambo ya kufyatuka.

Kuhusu kitanda na godoro la chini: godoro la chini linapunguza maumivu akiviringika, lakini linaua migongo ya walezi. Tulilitumia wiki tatu. Kitanda kifupi, upande mmoja ukutani, godoro la ziada sakafuni upande wa pili.

Dada wa kazi, ndugu wa zamu, au mtu wa kuajiriwa kwa kazi hiyo

Nianze na kosa letu. Tulikuwa na dada wa kazi, binti wa miaka 19, aliajiriwa kupika na kufua. Taratibu, bila kikao wala nyongeza, akageuka muuguzi. Baba alikuwa na kilo 74. Siku moja alimdaka anaanguka, wakaenda chini wote wawili, binti akateguka kifundo. Mwisho wa mwezi aliaga, na sikuwa na uso wa kumzuia. Kama dada wa kazi ataombwa kumhudumia mgonjwa, hiyo ni kazi ya pili. Isemwe, ilipwe, na mwingine apike.

Kisha kuna aibu, ambayo watu hawaiandiki. Baba ni mtu wa zamani. Kuogeshwa na binti asiye wake, au na binti yake wa kuzaa, kulimvunja kuliko ugonjwa. Hakuwa na maneno ya kukataa, kwa hiyo alikuwa anakaza mwili wote, na mtu aliyekaza mwili kwa PSP hainuliki. Tulidhani ugonjwa umepanda. Alipokuja kijana wa kiume kumwogesha, mwili ulilegea siku ile ile.

Sasa linganisha.

Ndugu wa zamu wana faida ya mapenzi na ya bei. Wanamjua mzee, wanajua utani wake, wanajua anapokunja midomo hivi anataka nini. Hasara yao ni kwamba zamu za mdomo hufa. Kwetu kulikuwa na ndugu wa kutuma na ndugu wa kuamka. Wa kutuma walituma, tena kwa uaminifu, M-Pesa inaingia tarehe 2, na kwa sababu hiyo waliona wamemaliza. Wa kuamka alikuwa Mama, na mimi wikiendi. Kilichobadilisha mambo ni karatasi ya zamu kwenye kundi la familia la WhatsApp, yenye majina na usiku wa nani. Kaka alipokuja Lushoto kukaa siku tisa za zamu yake, aliamshwa mara nne kwa usiku, na baada ya hapo hakuuliza tena fedha zinakwenda wapi.

Mtu wa kuajiriwa hasa kwa ulezi ana nguvu na ana saa zake. Akilala analala kwake. Sisi tulimpata kijana wa miaka 24 wa mtaa wa pili. Hakusomea, ila alikuwa na subira, na mtaalamu wa viungo alimfundisha mchana mmoja namna ya kuinua kwa magoti badala ya mgongo. Muuguzi mstaafu ni bora zaidi, lakini mshahara wake wengi hatuuwezi kwa miaka. Mtumieni kwa wiki mbili aje afundishe wengine. Hiyo ni fedha inayolipa.

Yeyote mtakayemchukua, mwambieni mambo mawili siku ya kwanza. Uso wa mgonjwa wa PSP umekaza, hapepesi macho ipasavyo, anakukodolea. Asiyejua ataona kiburi au hasira. Pia macho hayo hukauka yakawasha, kwa hiyo dawa ya matone ya kulainisha iwe karibu. La pili: ukimuuliza kitu, jibu linachelewa. Hesabu hadi 20 kimoyomoyo kabla ya kurudia. Baba alikuwa anajibu kwenye 15, na sisi kwa miezi mingi tulikuwa tunamkatiza kwenye 5.

Mtu mmoja wa familia aache kazi? Nimeulizwa hilo na watu wawili waliokuwa wanakaribia kufanya hivyo. Kama ni kwa mwaka wa kwanza, msiache. Mwaka wa kwanza na wa pili kinachohitajika zaidi ni fedha na marekebisho ya nyumba. Likizo na nguvu ziwekwe kwa ajili ya mbele, mzee atakapohitaji mtu usiku na mchana. Mwenye kazi inayoruhusu likizo bila malipo aikate vipande, asiitumie yote mwanzoni kwa uchungu wa habari mpya.

Kijiko au mpira

Kabla ya mpira wa kulishia, kijiko kinaweza kufika mbali kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwa muda mrefu tulidhani Baba amepoteza hamu ya kula. Sahani iko mezani, haigusi. Siku moja mpwa wangu alikuwa akicheza, akaweka sahani ya babu yake juu ya boksi la viatu. Baba akaanza kula. Hakuwa anaiona! Macho hayashuki, na sahani ilikuwa chini ya dunia yake. Tangu siku hiyo sahani ikapanda juu ya kigoda kidogo mezani, rangi ya sahani tofauti na ya chakula, na akala peke yake miezi mingine minane.

Kukaa: wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani wakati wa kumeza, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kijiko kiwe cha chai, kwa sababu kile cha supu atakijaza na kukisukuma chote mdomoni. Breki zile zile. Tonge moja, ameze, ameze tena mate matupu, ndipo la pili. Mlo unachukua dakika 40. Ukiwa na haraka, mpe mwenzako kijiko.

Kitu kinachompalia zaidi ni maji. Watu hawaamini, maana maji ni laini. Yanakimbia kuliko koo lake linavyoweza kufunga. Chai ya rangi ni hivyo hivyo, na ndiyo kila mgeni anayomkaribisha nayo mgonjwa. Uji mzito, mtindi, parachichi lililopondwa, ndizi za kupondwa, viazi vilivyosagwa na mchuzi: hivyo vinashuka. Makande yaondoke kabisa, nasema hivi nikiwa mtoto wa Lushoto. Punje ngumu ndani ya mchuzi mwepesi ni vitu viwili kwa wakati mmoja, na koo lake haliwezi viwili. Wali wa kuchambuka nao unatawanyika. Wageni wenye maandazi tuliwapokea kwa shukrani, maandazi tukala sisi.

Alama za kwamba kijiko kinafika mwisho: sauti yenye majimaji baada ya kumeza, kama mtu anayeongea huku anasukutua, homa zinazokuja na kuondoka, mlo unaovuka saa nzima, uzito unaoshuka mwezi hadi mwezi. Kupaliwa kwa kikohozi kikubwa kunatisha, lakini kinachotisha zaidi ni kupaliwa kimya, chakula kinaingia kifuani na mtu hakohoi.

Hapo ndipo mpira unapotajwa, na iko miwili. Wa puani huwekwa na muuguzi bila upasuaji, siku hiyo hiyo. Unafaa kwa wiki chache, kwa mfano akiwa na nimonia na mnataka apate nguvu. Kwa muda mrefu unakera, unahitaji kubadilishwa, na mgonjwa mwenye mikono isiyo na breki ataung'oa usiku. Kabla ya kila mlo lazima ihakikishwe uko tumboni. Hilo fundishweni na muuguzi, msikisie. Wa tumboni huwekwa kwa endoskopia (kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni) katika hospitali kubwa, tundu dogo kwenye ukuta wa tumbo, na unafichika chini ya nguo. Ni imara, dawa zinapita kirahisi, mlezi anapumzika na zile dakika 40 mara tatu.

Lakini jueni mpira usichofanya. Hauzuii mate kuingia kifuani, kwa hiyo nimonia bado inaweza kuja. Hausimamishi ugonjwa. Unaleta usafi wa kila siku, vyakula vya kusaga na kuchuja, na mtu wa kukimbilia mpira ukiziba. Na unaondoa ladha, ambayo kwa mtu asiyetembea, asiyesoma, asiyeongea, huenda ndiyo iliyobaki.

Wako wanaouchagua na wanapata miezi mizuri, hasa wakiuwekea mapema mgonjwa akiwa bado na mwili na kifua kizima. Wako wanaobaki na kijiko wakijua hatari yake, wanapunguza kiasi, wanampa anachokipenda kwa usalama unaowezekana. Madaktari wazuri wanaheshimu njia zote mbili. Mimi siegemei upande. Ninachokisimamia ni kwamba jibu awe nalo mwenyewe mgonjwa, na aulizwe wakati bado anaweza kujibu. Kwa PSP fahamu haitoki yote; inapungua kasi, inapotea kwenye mipango, lakini mtu yumo.

Namna ya kumuuliza ina ufundi wake. Ubao wa kuelekeza macho juu kwa "ndiyo" na chini kwa "hapana" haufai, kwa sababu juu na chini ndiko macho yalikokufa kwanza. Kulia na kushoto hubaki muda mrefu zaidi. Sisi tulifanya mkono wangu wa upande wake wa kulia kuwa ndiyo, na wa kushoto kuwa hapana. Tena msiulize mara moja. Kumbukeni yale makofi: ubongo huu ukishaanza jambo huweza kulirudia bila kukusudia, na anayejibu "ndiyo" mara tatu mfululizo huenda anarudia ya kwanza tu. Geuzeni swali.

Tulimuuliza Lushoto, asubuhi, akiwa amelala vizuri, Mama na kaka wakiwepo. "Baba, daktari anasema kuna mpira wa kuweka tumboni wa kukulishia. Unautaka?" Nikahesabu. Kwenye 17 macho yakaenda kushoto. Tukanyamaza kidogo, Mama akamfuta mate. "Baba, tuendelee na kijiko, hata kama unapaliwa?" Kwenye 12 macho yakaenda kulia.

Kesho yake Mama aliuliza tena mwenyewe, kwa Kisambaa, bila sisi kumwambia. Akatazama kulia, kisha akafungua mdomo na kuuacha wazi, maana uji ulikuwa umeshapoa na Mama alikuwa bado ameshika kijiko.